Alimtukana Nani? Lugha ya Kosa, Adhabu na Haki za Matangazo katika Mbio za Magari

Mwezi Februari mwaka 2025, katika mashindano ya Rally Sweden, dereva Mfaransa Adrien Fourmaux wa timu ya Hyundai alihojiwa moja kwa moja na televisheni mara baada ya kumaliza hatua ya mwisho. Akieleza kosa alilolifanya yeye mwenyewe siku iliyotangulia, alitumia neno la Kiingereza ambalo wenye lugha hiyo hulihesabu kuwa chafu. Wasimamizi wa mashindano walimtoza faini ya euro 10,000, wakaongeza euro 20,000 ambazo angelazimika kuzilipa iwapo angerudia kosa hilo ndani ya miezi 12.

Habari hiyo ni fupi, lakini kuiandika kwa Kiswahili si jambo jepesi. Niliitoa kama zoezi la tafsiri kwa walimu wa Kiswahili wa wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, na wengi wao waliandika hivi: *Dereva atozwa faini kwa kutukana.* Mwalimu mmoja kutoka upande wa Hanang aliisoma sentensi hiyo, akauliza: "Alimtukana nani?" Swali lake ni la kisarufi, lakini pia ndilo swali ambalo madereva wenyewe, kwa namna yao, walikuja kuliuliza shirikisho lao la kimataifa. Makala haya yanalifuata swali hilo, kisha yanaeleza istilahi nyingine za adhabu na matangazo ambazo huwatatiza wafasiri wa habari za mbio za magari.

1. Kitenzi *tukana* na mtendwa wake

*Tukana* ni kitenzi elekezi. Maana yake haijakamilika mpaka ajulikane aliyetendewa:

(a) Juma amemtukana jirani yake.
(b) Jirani ametukanwa na Juma.
(c) Juma na jirani yake wametukanana.

Katika (a) mtendwa anaonekana kwa kiambishi *-m-* na kwa nomino inayofuata. Katika (b) mtendwa ndiye kiima. Katika (c) kauli ya kutendana inamfanya kila mmoja awe mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Ni kweli kwamba husemwa pia *Mtoto huyu anatukana sana*, bila yambwa. Hata hivyo, msikilizaji huelewa kwamba wapo watu wanaotukanwa, ila hawakutajwa kwa sababu ni wengi au kwa sababu tabia ndiyo inayozungumzwa.

Kwa hiyo anayeandika *Dereva atozwa faini kwa kutukana* hatoi taarifa tu. Anamtia msomaji katika imani kwamba yupo mtu aliyevunjiwa heshima: mwandishi wa habari, mpinzani, au msimamizi wa mbio. Katika tukio la Sweden hakuwapo mtu huyo. Fourmaux alikuwa akijisema yeye na kosa lake. Kitenzi kimoja kimemwongezea dereva hatia ambayo wasimamizi hawakumpa.

Kiingereza kina kitenzi kinachobeba maana mbili, ya kuapa na ya kutamka maneno machafu, na katika maana ya pili hakihitaji mtendwa. Mtu anaweza kukitenda akiwa peke yake chumbani, kidole kikiwa kimebanwa na mlango. Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha namna hiyo, na hapo ndipo mfasiri hunaswa, kwa kuwa kamusi nyingi za lugha mbili humpa *tukana* kama kisawe cha kwanza.

Inafaa kukumbuka kwamba hata sheria ya Tanzania, katika kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inapozungumzia lugha chafu, ya matusi au ya kufedhehesha, inataja lugha iliyotumika kwa mtu mwingine, na kwa namna inayoelekea kuvunja amani. Mtendwa ni sehemu ya kosa.

2. Maneno yanayokaribiana

*Lugha chafu* ni maneno yanayokiuka adabu ya mahali au ya hadhira, awe yupo anayelengwa au asiwepo. *Lugha ya matusi* ina uzito zaidi, na mara nyingi hudokeza kwamba yupo aliyelengwa. *Kutoa matusi* hakuhitaji yambwa katika muundo wake, lakini wingi wa *matusi* huleta picha ya maneno mengi yaliyomwagwa. Hakufai kwa neno moja lililoponyoka. *Kuapiza* na *kulaani* ni kumtakia mtu mabaya. *Kukufuru* ni kuyavunjia heshima mambo ya Mungu. *Kukejeli* na *kudhihaki* ni kumdharau mtu kwa mzaha, na kunawezekana bila hata neno moja chafu kutamkwa.

Kwa tukio la Fourmaux, sentensi iliyo salama ni hii: *Dereva atozwa faini kwa kutumia neno chafu katika mahojiano ya televisheni.* Umoja wa *neno* unahifadhi ukubwa halisi wa kosa. Kutajwa kwa mahojiano ya televisheni kunaeleza kwa nini likawa kosa.

Lipo tatizo la pili: kuyatafsiri maneno yake yenyewe. Kiswahili kina vitenzi vingi vya kusema kwamba mtu ameharibu kazi: *tuliboronga*, *tulivurunda*, *tulichemka*. Vyote ni vya mazungumzo ya kawaida, na hakuna hata kimoja kinachoweza kumgharimu mtu faini. Mfasiri akiandika *Tulivurunda jana*, ameitoa maana kwa usahihi kabisa, lakini ameifanya faini isieleweke. Akitafuta neno chafu la Kiswahili ili alipize uchafu wa lile la Kiingereza, huenda akaleta neno zito kuliko la awali na kumtukanisha dereva mbele ya wasomaji wa Afrika Mashariki. Njia iliyo bora ni kutenganisha maana na rejista: *Alisema kuwa walivurunda siku iliyotangulia, akitumia neno la Kiingereza linalohesabiwa kuwa chafu.*

3. Mzozo wa kanuni na kimya cha Naivasha

Adhabu ya Fourmaux ilikuwa na historia. Septemba 2024, huko Singapore, Max Verstappen wa Formula 1 alitumia neno la aina hiyohiyo katika mkutano na waandishi wa habari alipokuwa akilieleza gari lake. Aliamriwa kufanya kazi ya manufaa kwa jamii, na Desemba mwaka huo aliitumikia adhabu hiyo mjini Kigali, Rwanda, pamoja na vijana wanaojifunza mbio za magari. Hapo napo swali la mwalimu wa Hanang linafaa: gari halitukanwi.

Mwezi Januari 2025 FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio za magari, likiongozwa na Mohammed Ben Sulayem wa Falme za Kiarabu, aliyewahi kuwa dereva wa rali, liliweka viwango vya adhabu kwa makosa ya namna hiyo. Kosa la kwanza lilipewa kiwango cha msingi cha euro 10,000, nacho kikazidishwa kadiri ya ngazi ya mashindano: mara tatu kwa mashindano ya dunia ya rali, mara nne kwa Formula 1. Ndiyo maana jumla ya euro 30,000 ilimwangukia Fourmaux.

Madereva wa rali waliungana katika umoja wao na kupinga. Walikubaliana kwamba kuanzia Safari Rally ya Kenya, iliyofanyika Naivasha kuanzia tarehe 20 hadi 23 Machi 2025, katika mahojiano ya mwisho wa hatua wangenyamaza au wangejibu kwa lugha zao za mama. Mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1953, ambayo katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yakawa uwanja wa mgomo wa lugha.

Mgomo huo unastahili kutazamwa na mwanaisimu. Silaha ya kwanza ya madereva ilikuwa kimya, na ya pili ilikuwa lugha ya mama. Wengi wao hujieleza kwa Kiingereza ambacho ni lugha yao ya pili au ya tatu. Tafiti za Jean-Marc Dewaele kuhusu watu wanaozungumza lugha nyingi zimeonyesha kwamba kwa kawaida maneno machafu huwa na uzito mkubwa zaidi wa hisia katika lugha ya kwanza ya mtu kuliko katika lugha alizojifunza baadaye. Anayejifunza lugha ukubwani hulijua neno chafu, lakini haogopi kulitamka kama anavyoogopa la kwao. Kumhukumu kwa uzito ambao neno linao masikioni mwa mwenye lugha ni kumdai adabu ya lugha ambayo hakulelewa nayo.

Mwezi Mei 2025 FIA ilirekebisha mwongozo wake. Kiwango cha msingi kilipunguzwa kutoka euro 10,000 hadi euro 5,000, na wasimamizi wakaruhusiwa kuiahirisha adhabu yote kwa mkosaji wa mara ya kwanza. Jambo kubwa zaidi ni kwamba maeneo yaligawanywa mafungu mawili: mazingira yanayodhibitiwa, kama vile mikutano na waandishi wa habari, na mazingira yasiyodhibitiwa, kama vile maneno yanayomtoka mtu papo hapo akiwa njiani au katika hatua ya mashindano. Kumtukana msimamizi na kauli za kibaguzi hazikulegezewa. Kwa maneno ya kisarufi, mtendwa amerudishwa katika kosa: aliyemlenga mtu hahesabiwi sawa na aliyeteleza ulimi.

4. Mbulu na Hanang: neno, mtu na mahali

Walimu wa Mbulu na Hanang hawakuhitaji maelezo marefu ili kuuelewa mgawanyo huo. Eneo lao ni miongoni mwa maeneo machache ya Afrika ambako lugha za koo zilizo mbali kabisa hukutana: Kiiraqw cha Kikushi, Kidatooga cha Kiniloti, lugha za Kibantu kama Kinyaturu, na Kihadza katika bonde la Yaeda. Mtoto hufika shuleni akiwa tayari anajua kwamba adabu ya lugha ina wenyewe.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Wadatooga. Mtaalamu wa isimu Alice Mitchell, aliyefanya utafiti wake mkoani Manyara, ameeleza jinsi mwanamke wa Kidatooga aliyeolewa anavyoepuka kutaja majina ya wakwe zake na hata maneno ya kawaida yanayofanana kwa sauti na majina hayo. Badala yake hutumia maneno mengine, ambayo wanawake wenziwe huyafahamu. Neno ambalo mume wake hulitamka bila shida, yeye haligusi. Hakuna uchafu wowote ndani ya neno lenyewe. Mwiko umo katika uhusiano kati ya msemaji na mtu ambaye jina lake limeguswa.

Jamii hiyohiyo inajua pia faini. George Klima, katika makala yake ya mwaka 1964 kuhusu Wabarabaig, tawi la Wadatooga wanaoishi katika nyanda zinazouzunguka Mlima Hanang, alieleza baraza la wanawake liitwalo *girgwageda gademga*, lenye uwezo wa kumhukumu mwanamume aliyemkosea mwanamke na kumtoza ng'ombe. Hapo kosa lina jina la aliyekosewa, na hukumu inatolewa na wale ambao heshima yao imeguswa.

Sisemi kwamba mwiko wa wakwe ni sawa na lugha chafu; huo ni heshima, wala haukuhusu matusi. Ninachosema ni kwamba katika mifano yote miwili haitoshi kuorodhesha maneno mabaya. Lazima iulizwe nani amesema, mbele ya nani, kuhusu nani, na wapi. Orodha bila maswali hayo humwadhibu mtu kwa sauti iliyotoka kinywani mwake.

Jambo hili halikomei kwenye mbio za magari. Mwalimu anapoandika katika daftari la nidhamu *Alitukana*, akaishia hapo, ameandika sentensi pungufu. Mwanafunzi ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili huenda alimtukana mwenzake, huenda alijikwaa akatamka neno alilolisikia sokoni, au huenda alilitumia neno asilojua uzito wake. Mambo hayo matatu hayastahili adhabu moja. Sarufi inamtaka mwandishi amtaje mtendwa, na haki inamtaka vilevile.

5. Istilahi za adhabu

*Faini* ni aina moja tu ya *adhabu*. Faini hutozwa au hupigwa. Adhabu hutolewa, nayo hutumikiwa. *Fidia* hulipwa aliyeumia, kwa hiyo pesa zinazolipwa kwa shirikisho zisiitwe fidia.

Faini yenye sharti huwasumbua wafasiri. *Faini iliyosimamishwa* inaweza kueleweka kuwa imefutwa, na *faini iliyoahirishwa*, ikiandikwa peke yake, inaweza kueleweka kuwa imepangiwa tarehe nyingine ya kulipwa. Ni afadhali kueleza kwa ukamilifu: *faini atakayoilipa iwapo tu atarudia kosa ndani ya miezi 12.*

Adhabu za muda zina mtego wake. Wasomaji wetu wamezoea lugha ya kandanda, ambamo timu inayoadhibiwa *hukatwa* pointi, na *nyongeza* ya dakika ni nafasi ya kuokoa mchezo. Katika rali mambo yamegeuka. Mshindi ni mwenye jumla ndogo ya muda, kwa hiyo anayeadhibiwa *huongezewa* sekunde. Anayeondoka kabla ya ishara ya kuanza hatua huongezewa sekunde 10 kwa kosa la kwanza. Anayechelewa kwenye kituo cha ukaguzi wa muda huongezewa sekunde 10 kwa kila dakika aliyochelewa, ilhali anayewahi kabla ya dakika yake huongezewa dakika nzima kwa kila dakika aliyowahi. Kwa mila ya rali, *kuwahi* ni kosa zito kuliko *kuchelewa*. Mfasiri asiandike tu *ameongezewa sekunde kumi*. Aandike *ameongezewa sekunde kumi kwenye muda wake kama adhabu*.

Tuzingatie pia tofauti ya *malalamiko*, *pingamizi* na *rufaa*. Malalamiko hayahitaji utaratibu maalumu. Pingamizi huwekwa mbele ya wasimamizi kulipinga jambo lililofanywa na mshindani au kuyapinga matokeo. Rufaa hukatwa baada ya uamuzi kutolewa, kwenda chombo cha juu. Anayeandika kwamba timu *imekata rufaa* kabla wasimamizi hawajaamua lolote amewaruka wasimamizi.

6. *Matangazo* na haki zake

Kwa nini mahojiano ya sekunde chache yawe na thamani ya kugombaniwa hivyo? Kwa sababu ni sehemu ya bidhaa inayouzwa. Haki za kibiashara za mashindano ya dunia ya rali zimo mikononi mwa kampuni ya WRC Promoter, na sauti ya dereva anayehema akiwa bado amefunga mkanda ni miongoni mwa vitu ambavyo watazamaji hulipia. Madereva walipochagua kunyamaza, waligusa thamani ya matangazo bila kuvunja kanuni ya mbio.

Kwa Kiswahili *matangazo* ni neno lenye mizigo mitatu: taarifa kwa umma (*matangazo ya vifo*), utangazaji wa bidhaa (*matangazo ya biashara*), na urushaji wa vipindi (*matangazo ya moja kwa moja*). Istilahi *haki za matangazo* imezoeleka Tanzania katika maana ya tatu, hasa kupitia kandanda: mwaka 2021 Azam Media na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania waliingia mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Katika habari za mbio za magari, ambako magari yenyewe yamejaa nembo za wadhamini, istilahi hiyo huweza kumpoteza msomaji akadhani inahusu nembo hizo. Pale utata unapowezekana, tumia *haki za matangazo ya televisheni* au *haki za utangazaji*.

Neno *haki* nalo lina sura mbili: uhalali wa kumiliki au kufanya jambo, na uadilifu. *Mwenye haki* katika mkataba ni mmiliki. *Mwenye haki* katika hukumu ni asiye na kosa. Sentensi kama *Madereva walidai haki katika matangazo* inaweza kumaanisha kwamba walitaka mgawo wa mapato au kwamba walitaka kutendewa kwa uadilifu. Mgomo wa Naivasha ulihusu maana ya pili.

7. Kwa mfasiri na mwalimu

Kabla ya kuandika *tukana*, tafuta yambwa. Usipoipata, tumia *neno chafu* au *lugha chafu*, na utaje mahali lilipotamkwa. Itoe maana ya maneno ya msemaji kwa Kiswahili cha kawaida, kisha eleza rejista yake pembeni. Adhabu ya muda itajwe pamoja na mwelekeo wake, na faini yenye sharti itajwe pamoja na sharti lake.

Mambo haya huonekana madogo mpaka jina la mtu liwe ndani ya sentensi. Msomaji wa Katesh au wa Mbulu mjini hana njia ya kuisikia hukumu iliyosomwa Sweden. Anaipata kupitia kitenzi alichochaguliwa na mfasiri.